Leza kwa Presha ya Macho: Mambo ya Kujua na Kuuliza Kabla ya Kukubali

Matini ya mada iliyotolewa kwa wananchi wa Namanyere, Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa



Sisi ni watumishi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), taasisi ya Serikali iliyokabidhiwa jukumu la kudhibiti ubora, usalama na ufanisi wa dawa na vifaa vinavyotumika kumtibu mwananchi. Hatutibu wagonjwa, hatuuzi dawa, wala hatupangi bei za hospitali. Tumekuja kuwapa maelezo ya kutosha ili, siku daktari atakapokuambia kwamba jicho lako linafaa kutibiwa kwa leza, uweze kukubali au kukataa ukiwa unajua unachokikubali na unachokikataa.

Tuseme mapema jambo moja ambalo tungependa kila mmoja aondoke nalo. Leza hushusha presha ya jicho. Hairudishi uoni uliokwisha kupotea, na haimalizi safari ya kwenda kliniki. Anayeahidiwa zaidi ya hapo hajaelezwa ukweli wote.

Presha ya macho ni nini?

Jina lenyewe limewapotosha wengi. Presha ya macho, ambayo wataalamu huiita glakoma, si presha ya damu, wala vidonge vya presha ya damu si tiba yake. Mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine.

Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa usiku na mchana. Maji hayo si machozi, kwa kuwa machozi huwa nje ya jicho. Hutoka nyuma ya sehemu yenye rangi, hupita katika tundu la katikati, kisha huingia katika pembe nyembamba ambapo kuna tishu inayofanana na chujio, na kupitia hapo hurudi katika mkondo wa damu. Chujio hilo likipitisha maji kwa shida, maji hubaki ndani na presha hupanda. Kwa watu wengi presha ya jicho huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Ikizidi kiwango ambacho jicho la mtu husika linaweza kustahimili, mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo huanza kufa kidogo kidogo. Wako watu ambao mshipa wao huharibika hata presha ikiwa chini ya 21. Kwa sababu hiyo daktari makini hatosheki na namba peke yake. Huchungulia mshipa wenyewe na kupima upana wa uoni.

Ubaya wa ugonjwa huu ni ukimya wake. Katika aina iliyo ya kawaida zaidi, jicho haliumi, haliwashi, wala haliwi jekundu. Uoni huanza kupungua pembeni, na jicho moja huficha upungufu wa jicho la pili. Mtu huendelea kusoma ujumbe katika simu yake na kuchambua maharage bila shida, lakini haoni pikipiki inayotokea ubavuni hadi imemkaribia. Nyumbani watu husema ni uzee. Anapogundua kwamba jicho limefifia kweli, sehemu kubwa ya mshipa huwa imekwisha kufa.

Hapa inafaa tutenganishe glakoma na mtoto wa jicho, maana kuchanganya magonjwa haya mawili kumewagharimu wengi. Mtoto wa jicho ni ukungu katika lenzi ya jicho. Ukiondolewa kwa upasuaji, uoni kwa kawaida hurudi, hata kama mgonjwa alikawia. Glakoma ni kufa kwa mshipa, na mshipa huo hauoti tena. Mzee anayekaa nyumbani akisubiri mtoto wa jicho akomae, kumbe ana glakoma, hupoteza kila mwezi kitu ambacho hakuna hospitali duniani itakayomrudishia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ugonjwa huu ukuta wenyewe haujengeki tena.

Wala ugonjwa huu si wa mbali nasi. Uchunguzi uliofanywa vijijini Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, ulionesha kwamba takriban watu wanne katika kila mia, wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, walikuwa na glakoma. Walio katika hatari zaidi ni wenye umri mkubwa na wale ambao mzazi, kaka au dada yao ana ugonjwa huo. Ikiwa mmoja wa wazazi wako alipofuka polepole bila maumivu, usingoje dalili. Nenda ukapimwe.

Matone na mzigo wake

Tiba iliyozoeleka ni dawa za matone. Mojawapo, iitwayo timolol, imetumika kwa miaka mingi na hushusha presha vizuri ikitumiwa kama inavyotakiwa. Lakini tuangalie maana ya maneno hayo, kama inavyotakiwa. Mgonjwa wa macho yote mawili hutia tone asubuhi na tone jioni katika kila jicho, yaani matone manne kwa siku, kila siku, maisha yake yote. Chupa ya mililita 5 huisha kwa takriban mwezi mmoja, na hata isipoisha, dawa nyingi za matone hutakiwa kutupwa wiki nne baada ya kufunguliwa. Hiyo ni chupa kama 12 kwa mwaka. Kwa mkulima anayepata fedha wakati wa mavuno, au mvuvi wa Kirando na Kipili ambaye kipato chake hufuata mwezi na upepo, chupa ya mwezi wa pili au wa tatu ndiyo hukosekana kwanza. Jicho halimwambii kwamba dawa imekatika, kwa kuwa haliumi.

Aidha, timolol ni dawa yenye masharti. Tone likitiwa jichoni, sehemu yake hupita kwenye njia ya machozi na kuingia katika damu. Mtu mwenye pumu anaweza kubanwa kifua, na mwenye mapigo ya moyo ya polepole anaweza kuzidiwa. Mweleze mtoa huduma magonjwa yako mengine kabla ya kupokea chupa. Baada ya kutia tone, fumba jicho na ubonyeze taratibu kona ya ndani, karibu na pua, kwa dakika moja au mbili. Kitendo hicho kidogo hupunguza dawa inayoingia mwilini.

Leza hufanyaje kazi?

Leza ni mwanga, tena mwanga uliokusanywa mahali padogo sana. Si mionzi ya eksirei. Katika matibabu tunayoyazungumzia, mwanga wa kijani huelekezwa kwenye lile chujio la maji kwa mapigo mafupi mno, na huchagua chembe zenye rangi bila kuunguza tishu iliyo jirani. Chembe zilizoguswa huamsha mwili usafishe chujio, na maji hupata njia nzuri zaidi ya kutoka.

Mgonjwa huketi mbele ya mashine inayofanana na ile ya kupimia macho. Hutiwa dawa ya ganzi ya matone, kisha lenzi maalumu huwekwa juu ya jicho. Huona mimweko ya mwanga. Hakuna kisu wala uzi, na kwa kawaida kazi ya jicho moja huchukua dakika chache tu. Halafu husubiri ili presha ipimwe tena, kwa sababu kwa baadhi ya watu hupanda kwa muda kabla ya kushuka. Siku hiyo na siku mbili tatu zinazofuata jicho linaweza kuwa jekundu kidogo, kuuma kidogo, au kuchukia mwanga. Matokeo kamili hayaonekani siku hiyohiyo. Huhitaji wiki kadhaa.

Faida yake kwa mtu anayeishi mbali na hospitali ni dhahiri. Kazi ya siku moja inaweza kushika nafasi ya chupa za mwaka mzima au zaidi. Lakini nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyopita, na baadhi ya macho huhitaji kurudiwa.

Moshi ilituonesha nini?

Ushahidi juu ya jambo hili hatukuuagiza wote kutoka nje. Katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, kati ya Agosti 2015 na Mei 2017, waliandikishwa watu wazima 201 wenye glakoma ya presha ya juu ambayo pembe ya jicho iko wazi. Waligawanywa bila upendeleo katika makundi mawili: watu 100 walipewa matone ya timolol, na 101 walipigwa leza. Utafiti uliruhusu leza kurudiwa mara moja ilipohitajika, na watumiaji wa matone kuelekezwa upya mara moja jinsi ya kuyatumia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la The Lancet Global Health.

Baada ya mwaka mmoja, macho 99 kati ya 163 ya kundi la leza yalikuwa yamefikia lengo la matibabu, yaani asilimia 61. Kwa upande wa matone yalikuwa macho 55 kati ya 176, yaani asilimia 31.

Tunawaomba msome namba hizo kwa pande zote mbili. Upande wa kwanza unasema kwamba hapa kwetu Tanzania, kwa wagonjwa wa Kitanzania, leza ilifaulu karibu mara mbili ya matone. Upande wa pili unasema kwamba katika kila macho 100 yaliyopata leza, takriban 39 hayakufikia lengo. Wenye macho hayo hawakuhisi tofauti yoyote na wale waliofaulu. Kipimo cha presha ndicho kilichowatofautisha. Mtu aliyepigwa leza akarudi nyumbani na asipimwe tena hawezi kujua yuko katika kundi lipi.

Nchini Uingereza nako, utafiti wa watu 718 uliotangazwa mwaka 2019 ulionesha kwamba takriban robo tatu ya walioanza na leza walikaa miaka mitatu presha ikiwa imedhibitiwa bila matone. Mwaka 2022 miongozo ya nchi hiyo ikapendekeza leza iwe tiba ya kuanzia kwa wagonjwa wengi wapya. Tukumbuke, hata hivyo, kwamba wagonjwa wa utafiti ule waliitwa kliniki mara kwa mara, na wengi wao ugonjwa ulikuwa bado mchanga. Mafanikio yao yalitokana na leza pamoja na ufuatiliaji.

Maswali sita ya kuuliza

Mpokea huduma ana haki ya kuuliza na kujibiwa kwa lugha anayoielewa. Tunapendekeza maswali sita.

La kwanza: glakoma yangu ni ya aina gani? Leza tuliyoieleza huwafaa wenye pembe iliyo wazi. Ikiwa pembe imefunga, hutumika leza ya namna nyingine inayotoboa tundu dogo katika sehemu yenye rangi, au tiba tofauti kabisa. Uliza kama pembe ya jicho lako imechunguzwa kwa lenzi maalumu. Ikiwa ugonjwa umekwenda mbali sana, daktari anaweza kushauri upasuaji wa kuyafungulia maji njia mpya. Ushauri huo usiukatae kwa sababu tu umesikia kwamba leza haina kisu.

La pili: presha yangu leo ni ngapi, na lengo letu ni ngapi? Omba namba zote mbili ziandikwe katika kadi yako, jicho la kulia na la kushoto. Bila lengo, wewe na daktari hamna namna ya kusema kama tiba imefaulu.

La tatu: ni nani atakayeifanya, na kwa mashine gani? Mashine ya leza ni kifaa tiba kinachodhibitiwa kwa mujibu wa sheria. Usione haya kuuliza kama imesajiliwa na kama hufanyiwa matengenezo. Kabla ya kusafiri, piga simu uhakikishe kwamba mashine inafanya kazi na mtaalamu yupo siku hiyo. Nauli ya kwenda na kurudi bure ni hasara isiyorudishwa na mtu.

La nne: gharama yote ni kiasi gani? Usihesabu leza peke yake. Jumlisha vipimo, dawa za baada ya tiba, nauli, malazi, chakula cha msindikizaji na safari za marudio. Kama una bima, uliza kwa mfuko wako ikiwa huduma hiyo inalipiwa, na ikiwa inalipiwa katika hospitali unayokwenda. Fanya hivyo kabla ya safari.

La tano: matone yangu niyaache lini? Wengi hutupa chupa siku ya leza kwa furaha. Usifanye hivyo. Kwa kuwa leza huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, daktari anaweza kukutaka uendelee na matone, na baadhi ya wagonjwa huendelea nayo hata baadaye. Anayekuambia uache awe yule anayekupima.

La sita: nitapimwa tena lini, na wapi? Kwa mkazi wa Namanyere hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Ikiwa leza imefanyika mbali, mwombe daktari akuandikie barua inayoeleza tiba uliyopata na presha inayolengwa, kisha uliza kama vipimo vya marudio vinaweza kufanyika karibu na nyumbani. Utaratibu wa rufaa unaanzia zahanati na kituo cha afya, unapitia hospitali ya wilaya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sumbawanga, hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Hospitali ya karibu itakayopima presha kila inapotakiwa inaweza kukufaa kuliko ile kubwa uliyoiona mara moja tu.

Tahadhari

Nyanda hizi za Ufipa zina upepo na vumbi la kiangazi, na macho kuwasha ni jambo la kawaida. Wengi hukimbilia dukani kununua matone. Tunawaonya kwa dhati juu ya matone yenye dawa za jamii ya steroidi, kama vile deksamethasone. Hutuliza wekundu upesi, na ndiyo maana hupendwa. Lakini zikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi zinaweza kupandisha presha ya jicho na kumletea mtu glakoma, hata mtoto. Soma jina la dawa lililo chini ya jina la biashara, au mwombe mtu akusomee. Dawa hizo ni za kuandikiwa na mtaalamu.

Usitie jichoni maji ya mizizi, majani, wala kitu chochote ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya jicho. Usinunue matone yaliyoanikwa juani, yaliyofunguliwa, au yaliyopita muda wa matumizi.

Jihadharini pia na matangazo yanayodai kuondoa glakoma kabisa kwa vidonge, unga au chai. Hakuna dawa iliyothibitishwa kurudisha mshipa wa jicho uliokufa. Mtu anayetumia miezi sita kunywa unga huo hupoteza fedha yake, na pamoja nayo hupoteza uoni ambao tone au leza ingeweza kuuokoa.

Baada ya leza, ukipata maumivu makali ya jicho, kichefuchefu, au uoni kushuka ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri tarehe ya kliniki.

Ukipata tatizo

Ukidhurika kwa dawa, mweleze mtoa huduma ajaze fomu ya njano ya taarifa za madhara ya dawa na kuituma kwetu. Beba chupa yenyewe pamoja na kasha lake, kwa kuwa namba ya toleo iliyochapishwa hapo hutuwezesha kuifuatilia dawa hiyo kokote ilikosambazwa. Tatizo la kifaa, kama mashine ya leza, nalo litolewe taarifa. Taarifa yako si kumshtaki mtu. Huenda ikamwokoa mgonjwa mwingine asiyekujua.

Kabla hatujafungua kikao kwa maswali yenu, tuna ombi moja kwa kila aliye na umri wa miaka 40 au zaidi, na kwa kila aliye na mzazi au ndugu aliyepofuka polepole. Mara nyingine ufikapo hospitali ya wilaya kwa jambo lolote, hata kama ni kumpeleka mjukuu, uliza ni lini mtaalamu wa macho anapatikana, na uombe kupimwa presha ya macho yote mawili. Kipimo chenyewe huchukua dakika chache. Namba utakazopewa ziandike, uzitunze, na uende nazo tena mwakani.

Karibuni kwa maswali.